Wiki mbili za Januari: je, Ulaya inaweza kuishi bila makaa ya mawe, gesi na nyuklia?

SWALI: Habari mtaalamu. Nasikia nchi za Ulaya zinataka kuachana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na baadhi yao hata nyuklia haziitaki tena. Ninachojiuliza ni hiki: jua likizama na upepo ukitulia, bara zima lenye viwanda vile litapata wapi umeme? Ujerumani ilipozima vinu vyake vya nyuklia, si ilirudi kwenye makaa ya mawe? Na lile giza la Hispania mwaka 2025, umeme ulipokatika, si ushahidi tosha kwamba jambo hili haliwezekani?

JIBU: Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuuliza bila kuzunguka. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, na nitalijibu la kwanza kwa kirefu kwa sababu hayo mengine mawili yanalitegemea.

Inawezekana. Ila watu wengi wanaojadili jambo hili, wanaoliunga mkono na wanaolipinga, wanabishana kuhusu kitu ambacho hakibishaniwi tena, yaani kama jua na upepo vinaweza kufua umeme wa kutosha. Mwaka 2024 karibu asilimia 47 ya umeme wa Umoja wa Ulaya ulitokana na maji, upepo, jua na mimea. Nyuklia ilitoa asilimia 24 hivi, na makaa ya mawe, gesi na mafuta kwa pamoja asilimia 29. Ulikuwa pia mwaka wa kwanza kwa jua kuyapita makaa ya mawe barani humo. Uingereza, nchi iliyofungua kituo cha umeme wa makaa ya mawe pale Holborn Viaduct, London, mwaka 1882, ilizima kituo chake cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Ubelgiji, Austria, Uswidi na Ureno zilikuwa zimeshatangulia. Kwa hiyo kufua umeme safi kwa hesabu ya mwaka mzima ni kazi inayoendelea na inayofanikiwa.

Kinachosumbua ni wiki mbili za Januari.

Kila majira ya baridi hufika siku ambapo mgandamizo mkubwa wa hewa unatua juu ya Ulaya ya kati na kuganda hapo. Upepo unakufa, mawingu mazito na ukungu vinafunika nchi, na jua lenyewe linazama mnamo saa kumi jioni. Hali hiyo inaweza kudumu siku mbili, au siku kumi. Chukua tarehe 12 Desemba 2024. Wakati huo Ujerumani ilikuwa na paneli na mitambo ya upepo yenye uwezo wa zaidi ya gigawati 160 kwa jumla, mara mbili ya mahitaji yake ya juu kabisa. Jioni ile karibu uwezo wote huo ulikuwa umelala. Bei kwenye soko la jumla ilipanda hadi euro 936 kwa megawati-saa (uniti 1,000), yaani karibu euro moja kwa kila uniti, katika mwaka ambao wastani wa bei ulikuwa chini ya euro 80 kwa megawati-saa. Na katika mwaka huohuo, nchi hiyohiyo ilikuwa na saa 457 ambazo bei ilishuka chini ya sifuri kwa sababu umeme ulizidi na hapakuwa na pa kuupeleka.

Sasa tupige hesabu. Umoja wa Ulaya unatumia takriban uniti bilioni 2,700 za umeme kwa mwaka. Wiki mbili ni kama uniti bilioni 100, na wakati wa baridi kali ni zaidi. Tuseme maji, mimea na upepo mdogo uliobaki vinabeba nusu, kwa kuwa ni nadra sana upepo kutulia Ureno, Ugiriki na Bahari ya Kaskazini kwa pamoja. Bado unatafuta uniti bilioni 50. Betri ni kifaa kizuri mno na bei yake imeshuka kuliko nilivyotarajia, lakini kituo kikubwa cha betri kwa kawaida hutoa umeme kwa saa mbili hadi nne. Betri inahamisha jua la mchana hadi chakula cha jioni. Kuhamisha jua la Julai hadi Januari si kazi yake, na anayekuambia vinginevyo hajapiga hesabu.

Je, bara hili lina ghala la ukubwa huo? Linalo, tena zaidi ya moja.

La kwanza liko Norwe. Mabwawa yake ya milimani, yakijaa, yana maji ya kufua uniti zaidi ya bilioni 80. Utaratibu wake ni rahisi na unapendeza kuufuatilia. Upepo ukivuma kwa nguvu Denmark na kaskazini mwa Ujerumani, umeme wa bei chee unapita chini ya bahari kwenda Norwe, na Wanorwe wanafunga malango ya mabwawa yao na kutumia umeme huo wa kigeni. Upepo ukitulia, wanafungua malango na umeme unarudi kusini. Hakuna aliyepandisha maji mlimani. Yamehifadhiwa tu kwa kutotumiwa. Waya wa NordLink kati ya Norwe na Ujerumani, ulioanza kazi mwaka 2021, unabeba megawati 1,400, na ule wa North Sea Link kwenda Uingereza, ulioanza mwaka huohuo, unabeba kiasi hichohicho kwa urefu wa kilomita 720.

Ghala ni kubwa, mlango ndio mwembamba. Nyaya zote zinazotoka Norwe kwenda nchi jirani zinabeba takriban gigawati 9 tu (megawati 9,000). Halafu kuna siasa, na hapa ndipo ningependa usome kwa makini, maana wahandisi wenzangu wengi hupapita haraka. Desemba ile ya 2024, Mnorwe wa kusini ambaye nchi yake karibu umeme wote ni wa maji aliona bili yake inapanda kwa sababu upepo umetulia Ujerumani. Alikasirika, na ninamwelewa. Mwishoni mwa Januari 2025 chama cha Senterpartiet cha Norwe kikajitoa serikalini kwa kupinga kanuni za nishati za Umoja wa Ulaya. Uswidi nayo, miezi kadhaa kabla, Juni 2024, ilikataa kujenga waya mpya wa megawati 700 kwenda Ujerumani. Bara haliwezi kuwa gridi moja ikiwa mwenye maji anahisi anaporwa. Wanaoandika mipango ya mwaka 2050 wanapaswa kuandika pia jinsi mapato ya nyaya hizo yatakavyomfikia mwananchi wa Kristiansand, kusini mwa Norwe, kwenye bili yake. Bila hivyo, nyaya hazitajengwa.

Ghala la pili liko chini ya ardhi, na leo limejaa gesi. Maghala ya gesi ya Umoja wa Ulaya yanaweza kuhifadhi nishati ya zaidi ya uniti bilioni 1,100. Hilo ndilo linalovusha Ulaya wakati wa baridi mpaka sasa, na ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ulipitisha haraka kanuni ya kujaza maghala hayo kwa asilimia 80 kabla ya majira ya baridi ya mwaka huo, na asilimia 90 kwa miaka iliyofuata. Baadhi ya maghala hayo ni mapango yaliyochimbwa ndani ya miamba ya chumvi, hasa kaskazini mwa Ujerumani, na mapango ya namna hiyo yanaweza kuhifadhi haidrojeni. Unatumia umeme wa ziada wa zile saa za bei hasi kupasua maji ili kupata haidrojeni, ambayo ni gesi inayowaka, unaihifadhi, kisha Januari unaichoma kwenye mtambo na kupata umeme.

Hasara yake ni kubwa, na lazima niiseme wazi: ukiingiza uniti 100 utatoa kama 30 hadi 40. Kwa hiyo haidrojeni haifai kwa kila usiku. Inafaa kwa saa mia chache za mwaka ambapo hakuna kingine, na kwa saa hizo hasara si hoja, kwa kuwa umeme ulioingia ungetupwa. Mpaka mapango hayo yajazwe, mitambo ya gesi italazimika kubaki, mingi ikiwa imezimwa karibu mwaka mzima, ikisubiri. Wapo wanaharakati wanaoona hiyo ni kushindwa. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Mtambo wa gesi unaofanya kazi saa 300 kwa mwaka unatoa moshi mdogo sana ukilinganisha na ule unaofanya kazi saa 6,000, na uwepo wake ndio unaokuruhusu kufunga kituo cha makaa ya mawe kwa amani.

Kabla ya ghala, hata hivyo, kuna waya. Upepo wa Ujerumani uko kaskazini, viwanda vizito vya magari na kemikali viko kusini. Waya wa SuedLink, wa kilomita 700 hivi na gigawati 4, ulitakiwa kuunganisha pande hizo mbili ifikapo mwaka 2022. Wakazi wa Bavaria walipinga minara ipite juu ya mashamba na vijiji vyao, na mwishoni mwa 2015 sheria ikabadilishwa ili nyaya za aina hiyo zifukiwe ardhini. Kuchora upya njia nzima, kuomba upya kila kibali, kujadiliana upya na kila mwenye shamba! Sasa unatarajiwa mwaka 2028. Katika miaka yote hiyo, mitambo ya upepo ya kaskazini imekuwa ikiamriwa isimame wakati wa upepo mkali huku mitambo ya makaa ya mawe na gesi ya kusini ikiwashwa, na mlipaji ni mteja. Ukiniuliza euro inayofuata ya umma iwekwe wapi, kwenye paneli au kwenye waya, nitasema waya bila kusita.

Sasa Ujerumani na nyuklia. Vinu vyake vitatu vya mwisho, Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Je, ilirudi kwenye makaa ya mawe? Kwa takwimu, hapana. Mwaka 2010 makaa ya mawe yalitoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Ujerumani, mwaka 2024 yalitoa takriban moja ya tano. Palikuwa na kupanda kidogo mwaka 2022, gesi ya Urusi ilipokatika, kisha yakaporomoka. Nyuklia na makaa ya mawe vyote vilishuka, na upepo na jua vikajaza pengo.

Lakini swali lako lina ukweli ndani yake. Mwaka 2010 nyuklia ilikuwa inatoa asilimia 22 hivi ya umeme wa nchi hiyo. Linganisha na ile moja ya tano ya makaa ya mawe iliyobaki mwaka 2024. Ni kiasi kilekile. Ujerumani ilikuwa na uwezo wa kuchagua kipi kiondoke kwanza, na baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, Machi 2011, ikachagua nyuklia. Kwa maoni yangu mpangilio huo ulikuwa mbaya. Makaa ya mawe yanaua watu kila mwaka kwa moshi wake hata pasipo ajali yoyote, na kinu kilichojengwa, kulipiwa na kukaguliwa kingeweza kufanya kazi miaka kumi zaidi huku machimbo ya makaa ya mawe ya Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, yakifungwa mapema. Nasema hivi nikijua hofu ya watu haikuwa ya kubuni: wazazi wa Bavaria walioambiwa mwaka 1986 wasiwape watoto wao maziwa freshi, kwa sababu ya ajali ya kinu cha Chernobyl, wana haki ya kukumbuka.

Na nchi si lazima ipitie njia ya Ujerumani. Austria ilijenga kinu pale Zwentendorf, kikakamilika, kisha tarehe 5 Novemba 1978 wananchi wakapiga kura na asilimia 50.5 hivi wakakikataa. Hakikuwahi kuwashwa hata siku moja. Austria ilikuwa na mito ya Alps, ikamudu. Italia ilipiga kura mwaka 1987 na kufikia 1990 vinu vyake vyote vilikuwa vimezimwa, ila haikuwa na mito ya kutosha, ikaangukia kwenye gesi na umeme wa kununua Ufaransa. Bunge la Denmark liliamua mwaka 1985 kutojenga nyuklia kabisa. Miaka sita baadaye ikajenga Vindeby, shamba la kwanza la upepo baharini duniani, lenye mitambo 11, na leo zaidi ya nusu ya umeme wake ni upepo. Uamuzi uleule, matokeo tofauti, kutegemea nchi ilikuwa na nini cha kushika mkononi siku ilipoiacha nyuklia.

Wanaosema suluhisho ni kujenga vinu vipya kila mahali nao nawaomba waangalie Flamanville, Ufaransa. Ujenzi wa kinu cha tatu pale ulianza mwaka 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3. Kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, na shirika linalokijenga lenyewe lilikadiria gharama ya euro bilioni 13.2. Kinu cha Olkiluoto 3 cha Ufini kilianza kujengwa mwaka 2005, kikaanza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023. Miaka kumi na saba au kumi na minane ni mingi mno kwa tatizo linalotaka kutatuliwa ndani ya muongo. Isitoshe, nyuklia nayo ina wiki zake mbaya: kuanzia mwishoni mwa 2021 nyufa za kutu ziligunduliwa kwenye mabomba ya vinu kadhaa vya Ufaransa, vikazimwa kwa ukaguzi, na nchi hiyo, muuzaji mkubwa wa umeme kwa jirani zake kwa miongo minne, ikaumaliza mwaka 2022 ikiwa imenunua zaidi ya ilichouza.

Kuhusu Hispania. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana, jua likiwaka, Hispania bara na Ureno zilipoteza umeme wote ndani ya sekunde chache. Kosa halikuwa uhaba wa umeme, ulikuwepo tele. Volteji ilipanda kupita kiasi. Mitambo ikaanza kujizima ili kujikinga, na kila uliojizima ukaifanya volteji ipande zaidi, hadi gridi nzima ikaanguka. Ripoti ya serikali ya Hispania ya Juni 2025 ilieleza kwamba baadhi ya mitambo ya kawaida iliyolipwa kuishusha volteji haikufanya hivyo kwa kiwango kilichotakiwa. Upande wa jua na upepo, kanuni za Hispania za wakati ule hazikuitaka mitambo hiyo isaidie kudhibiti volteji papo kwa papo, ingawa vifaa vya elektroniki vilivyomo vinaweza kabisa kufanya hivyo. Kanuni hiyo imebadilishwa.

Somo la kiufundi liko hapa: jenereta kubwa za zamani, kwa uzito wa vyuma vinavyozunguka, zilituliza gridi bila mtu kuziagiza. Ukiziondoa, kazi hiyo lazima ikabidhiwe mwingine kwa mkataba na kwa malipo. Estonia, Latvia na Lithuania zililijua hilo. Kabla ya kujitenga na gridi ya Urusi na kujiunga na ya Ulaya Februari 2025, zilifunga mashine kubwa zinazozunguka bila kuchoma chochote, kazi yake ikiwa ni kutuliza gridi tu. Na Hispania ina udhaifu mwingine wa wazi: imeungana na Ufaransa kwa takriban gigawati 2.8 pekee. Waya mpya unaopita chini ya Ghuba ya Biscay utaifikisha gigawati 5, nao unatarajiwa mwaka 2028.

Jambo moja hukuuliza, lakini bila hilo hesabu yote inapinda. Umeme ni chini ya robo ya nishati inayotumiwa Ulaya na watumiaji wa mwisho. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mafuta ya magari na gesi ya kupasha nyumba joto. Hapa kuna habari njema na mbaya zikiwa zimeshikana mikono. Gari la petroli linapeleka kwenye magurudumu sehemu ya tano hadi robo hivi ya nishati ya mafuta yake, iliyobaki ni joto la bure. Gari la umeme linapeleka zaidi ya robo tatu ya umeme wake. Pampu ya joto, kwa uniti moja ya umeme, inaingiza ndani kama uniti tatu za joto, sehemu kubwa ikitoka hewa ya nje. Kwa hiyo bara likihamia kwenye umeme, nishati yote inayohitajika inapungua. Norwe imeonyesha njia: mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme.

Habari mbaya ni kwamba joto la nyumba linahitajika wakati uleule wa zile wiki mbili. Ufaransa, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa umeme, kila baridi inapozidi kwa digrii moja, mahitaji huongezeka kwa takriban megawati 2,400, sawa na vinu viwili vikubwa. Ndiyo maana mimi huiweka kazi ya kuziba nyufa za madirisha na kufunika dari na kuta katika orodha ya mitambo ya umeme. Nyumba isiyovuja joto inapunguza ukubwa wa ghala tunalohitaji, na fundi wa kuifanya kazi hiyo hangoji kibali cha miaka saba.

Chuma, saruji na mbolea vitachelewa kuliko vyote, na Poland, ambako zaidi ya nusu ya umeme bado ulikuwa wa makaa ya mawe mwaka 2024, itachelewa kuliko jirani zake. Mwaka 2021 serikali yake ilikubaliana na vyama vya wachimbaji kufunga machimbo ya mwisho mwaka 2049. Nadhani yatafungwa mapema zaidi kwa sababu hayana faida, na hilo linanitia hofu: mgodi ukifungwa na hasara badala ya mpango, mchimbaji wa Silesia, eneo la migodi la Poland, anabaki bila kazi na bila fidia.

Kwa hiyo, ukitaka mpangilio wangu, ni huu: makaa ya mawe kwanza, mafuta ya magari na gesi ya majumbani vikifuata kwa pamoja, gesi ya kufua umeme mwishoni kabisa kama akiba ya baridi, na kila kinu cha nyuklia kistaafu kwa umri na usalama wake, si kwa kalenda ya uchaguzi. Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuachana na nyuklia mwaka 2003, ikaifuta Mei 2025. Hispania ina ratiba ya kuzima vinu vyake vyote kati ya 2027 na 2035, na mjadala wa kuisogeza mbele tayari ni mkali. Swali kubwa zaidi litakuja Ufaransa. Vinu vyake vingi viliwashwa kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990, maana yake vitazeeka karibu kwa pamoja katika muongo wa 2040, na sita vipya vilivyotangazwa mwaka 2022 haviwezi kuziba nafasi ya zaidi ya hamsini. Nyaya na maghala ambavyo vingeifanya Ufaransa iwe na uhuru wa kuchagua siku hiyo vinahitaji vibali vyake sasa hivi.